Jiko la kubeba mgongoni kwa mwenye hela ndogo: tafuta moto kwanza

Mtu akiniuliza anunue jiko gani la kwenda nalo porini, huwa namuuliza: siku moja kabla ya safari utakuwa mji gani? Jiko utalinunua mara moja. Kinachowaka ndani yake utakitafuta kila safari, na ukikikosa madukani, jiko lako linabaki kipande cha chuma ndani ya begi.

Nasema hivi kama mtu aliyepika Kilimanjaro kwa miaka, kwanza nikiwa mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mitungi, kisha mpishi. Siku hizi nina banda la chipsi hapa Moshi, na nikipata nafasi napanda Upare na shemeji zangu: hema moja, mabegi mawili au matatu, hakuna mgeni wala mpagazi. Kule mlimani uzito wa jiko haukuwa shida yangu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijazwa unavuka kilo 12 pamoja na chuma chake, lakini ulikuwa na mtu wake wa kuubeba. Ukishabeba kwa mgongo wako mwenyewe hesabu inabadilika. Na ukiwa umeoa Upare, hata shilingi ina hesabu yake. Watani zangu wanisamehe, ila shemeji yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha kupima gesi kwenye mizani ya duka la mchele, na hiyo si tabia ya Kichaga.

Niondoe kwanza kuni na mkaa, maana kila mwenye hela ndogo huanza kufikiria huko. Kuni ni bure, kweli. Lakini msitu wa Chome, kilipo kilele cha Shengena chenye mita 2,462, ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Kibali unakiulizia ofisini kwao Same kabla ya kupanda, na kukusanya kuni na kuwasha moto ovyo humo ni kujitafutia kesi. Nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya kijiji, unaomba ruhusa kwa mwenyekiti au mtendaji, na jambo la kwanza atakalotaka kujua ni moto: utawashia wapi, na nini. Ana sababu. Oktoba 2020 moto uliozuka eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, uliunguza Kilimanjaro kwa siku kadhaa, na kila mtu wa mkoa huu aliuona ule moshi. Ukimwambia mtendaji una jiko dogo la gesi linalozimwa kwa kugeuza kitasa, mazungumzo yanaisha mapema. Mkaa nao uache nyumbani. Ni mzito, unachelewa kuwaka, na mtu akiingiza jiko la mkaa ndani ya hema usiku wa baridi asubuhi hamuamki. Kila mwaka tunasikia familia zilizokufa hivyo ndani ya nyumba zenye kuta, sembuse hema.

Mafuta ya taa nayo nayataja tu. Jiko la pampu la shaba ni chombo cha heshima, upepo wa juu haulisumbui sana, na baridi ya kweli hailiogopi. Lakini lina uzito wa kilo na zaidi, linataka kupashwa kichwa kabla ya kuwaka, na likivuja kidogo mchele wote unanuka. Zamani tulijitetea kwamba mafuta ya taa yapo kila kijiji. Tangu kodi yake ilipopandishwa mwaka 2011 ili watu wasichakachulie dizeli, na taa za sola zikaingia, maduka mengi ya vijijini hayana tena. Jiko la utambi ndiyo usahau kabisa.

Yanabaki mambo matatu: spiriti, kopo la gesi la thredi, na kopo refu la gesi.

Spiriti

Kwa mtu mmoja au wawili, usiku mmoja au miwili, mfuko mtupu, nasema spiriti bila kusita. Inauzwa maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi, na ukimuuliza seremala yeyote atakuonyesha anaponunua, maana ndiyo wanayoyeyushia shelaki ya kung'arishia mbao. Angalia usipewe tina, ile ya kuzimulia rangi. Zinakaa rafu moja, chupa zinafanana, na muuzaji mwenye haraka atakwambia zote zinawaka. Tina inawaka kweli, kwa moshi mweusi na kwa hasira, na petroli ndiyo mbaya zaidi. Hizo mbili haziingii kwenye jiko hili hata kwa majaribio. Ile spiriti ya duka la dawa inafaa ikiwa ni alkoholi ya ethanoli. Ikiwa ni alkoholi ya isopropili, moto unakuwa wa njano na sufuria inatoka nyeusi.

Jiko lenyewe halihitaji pesa. Chukua kopo fupi la samaki jodari, upana wa sentimita 6 hadi 8, lioshe hadi harufu iishe. Chini kidogo ya ukingo toboa mstari wa matundu kuzunguka kopo lote, kila tundu upana wa penseli, kisha mstari wa pili chini yake, matundu yakipishana na yale ya juu. Kopo la alumini hutoboka kwa mashine ya kutobolea karatasi za ofisini; la bati litataka msumari na kipande cha mti ndani ili lisibonyee. Mimina spiriti, iwashe, subiri kama nusu dakika hadi uone inachemka yenyewe, ndipo uweke sufuria juu ya kopo. Moto utatokea pembeni kupitia matundu. Ukiweka sufuria mapema unauzima, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema jiko ni bovu.

Jiko hilo likiwa la alumini halifiki gramu 20. Ukitaka la dukani lipo la shaba, lenye mfuniko wa kuzimia na pete ya kupunguza moto, na kampuni ya Trangia ya Sweden imekuwa ikitengeneza la namna hiyo kwa miaka mingi. Ukikutana nalo la mtumba kwenye masoko yetu ya Memorial au Kiborloni na pete ya mpira haijapasuka, lichukue. Usilipe bei ya dukani kwa kazi ambayo kopo la jodari linaifanya.

Ubaya wa spiriti nitausema wote. Ni ya polepole: lita moja ya maji inaweza kukumalizia robo saa, na upepo ukiingia inaweza isichemke kabisa. Haina kitasa. Umewasha, umewasha, unangoja iishe au unaifunika na kopo kubwa. Mwali wake mchana hauonekani, na hapo ndipo watu huungua: mtu anadhani umezimika, anamimina nyingine, moto unapanda hadi kwenye chupa mkononi. Sheria yangu kwa shemeji zangu ni kwamba kopo likizimika linaguswa na mgongo wa kiganja kwanza, likiwa la baridi ndiyo mtu afungue chupa. Na hiyo chupa isiwe ya maji ya kunywa. Spiriti ya viwandani huwa na methanoli, na methanoli inapofusha, inaua. Tumia chupa yenye umbo tofauti kabisa, izungushie utepe mwekundu, ikae mfuko wa nje peke yake.

Halafu kuna majira. Kuanzia Agosti hadi mvua za vuli zianze, majani ya Upare yamekauka, na kopo la moto usio na kitasa likipigwa teke linamwaga moto unaotembea. Miezi hiyo mimi spiriti naiacha nyumbani, hata kama safari ni ya usiku mmoja.

Kopo la thredi

Hili ndilo kopo fupi nene ambalo jiko linafungwa juu yake kwa kuzungusha. Thredi yake ni ya kipimo kimoja duniani kote, kwa hiyo jiko la Kichina la bei ndogo linakaa sawasawa kwenye kopo la kampuni kubwa ya Ulaya. Usikubali muuzaji akwambie lazima vitu vyote viwe vya jina moja.

Kwa Moshi na Arusha kuna siri ambayo si siri. Wageni hawaruhusiwi kupanda ndege na gesi, si ndani ya begi la mkononi wala kwenye mizigo. Anayemaliza safari na kopo lililobaki nusu analiacha kwa kiongozi wake, au hotelini, na kutoka hapo linaingia sokoni. Makopo mapya kwenye maduka ya vifaa vya milimani yana bei ya mgeni. Haya ya nusu unaweza kuyapata kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, ilimradi ujue unanunua nini. Kulitikisa sikioni hakutoshi, ingawa kila muuzaji atakutikisia.

Lipime. Kopo la kati lina gramu 230 za gesi, na chuma chake kitupu huwa kama gramu 150. Kwa hiyo kopo jipya ni kama gramu 380, na ukikuta mizani inasema 265 jua ndani kuna nusu. Uzito wa chuma hutofautiana kidogo kwa kila kampuni, ndiyo maana nyumbani nina makopo matupu ya aina chache yameandikwa uzito wake kwa kalamu ya wino mzito. Mizani ya jikoni ya kidijitali ndiyo bora; kama huna, muombe mwenye duka la nafaka. Muuzaji akikataa kopo lisipimwe, umeshajibiwa.

Sasa jiko la kufunga juu yake. La gramu 90 hadi 120, miguu mitatu ya kukunja, linatosha mtu yeyote mwenye bajeti yetu. Langu niliombwa elfu thelathini na tano nikalipa ishirini, la mtumba, na sijaona sababu ya kulibadilisha. Dukani fanya haya: fungua miguu uone kama inasimama bila kuchezacheza, zungusha kitasa chake mwanzo hadi mwisho, kiende laini bila kukwama, geuza chini utazame ile oringi, pete nyeusi ya mpira ndani ya thredi, isiwe imekauka wala kupasuka. Kisha lifunge kwenye kopo na upake povu la sabuni kwenye maungio. Povu likichezacheza, rudisha. Oringi mpya ni hela ndogo kwa mafundi wa majiko ya gesi, lakini kwa jiko la mtumba mimi huitumia kushusha bei kwanza.

Kiwashio cha kubonyeza usikilipie. Kikipata unyevu hakifanyi kazi, na ukipanda juu kinazidi kusumbua. Kiberiti cha gesi kimoja mfukoni, cha njiti kimoja ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Na neno titani, ile metali nyepesi, lisikupandishie bei. Tofauti ni gramu thelathini hivi, na shemeji yangu anasema hizo unazipunguza kwa kuacha kitunguu kimoja nyumbani.

Kopo refu

Ni lile refu jembamba kama la dawa ya mbu, linalouzwa supamaketi kwa ajili ya majiko ya mezani ya kubebeka. Gesi yake kwa bei ya kila gramu ni rahisi kuliko ya kopo jipya la thredi, na Dar, Tanga au Morogoro, ambako hakuna wageni wa kuacha makopo, huenda ndiyo pekee utakayopata. Jiko lake la mezani ni kubwa mno kwa begi. Kuna adapta ndogo yenye miguu ambayo upande mmoja inashika kopo hili na upande mwingine inapokea jiko la thredi. Kopo linalala ubavu. Ule mkato mdogo kwenye ukingo wa mdomo lazima utazame juu, la sivyo gesi inatoka ikiwa ya majimaji na jiko linarusha mwali wa kutisha.

Ndani yake kwa kawaida ni gesi ya butani tupu, na butani haigeuki mvuke chini ya karibu nyuzi sifuri. Isobutani inaendelea hadi karibu −12, propani hadi −42, na ndiyo maana makopo ya thredi huwa na mchanganyiko wa gesi hizo. Upare au Usambara mwezi wa Julai baridi inauma lakini haifiki huko, hivyo kopo refu linafaa kabisa. Shida ni kwamba gesi ikitoka inalipoza kopo lenyewe, kwa hiyo asubuhi moto unaweza kunyong'onyea hata kama hewa ina nyuzi nane. Lala na kopo ndani ya blanketi, au liweke chini ya jaketi unapokunja hema. Usilipashe kwa moto.

Uzito wa kweli

Watu hulinganisha uzito wa majiko matupu, na hapo ndipo wanapodanganyika. Sisi wawili kwa siku tunachemsha kama lita 3: uji asubuhi, chakula cha jioni, chai mara mbili. Gesi inataka kama gramu 16 kwa lita ukiwa na mfuniko na kikinga upepo, yaani gramu 50 hivi kwa siku. Spiriti inataka mililita 50 kwa lita, yaani 150 kwa siku, na hizo ni gramu 120.

Kwa siku mbili, spiriti ni gramu 240, ukiongeza kopo la jodari, chupa na kikinga upepo unafika kama 300. Jiko la gesi na kopo jipya la kati ni 480. Siku tatu, spiriti inafika kama 420. Siku ya nne spiriti inavuka 530 na gesi bado iko pale pale 480, na ndani ya kopo imebaki. Kwa hiyo siku tatu kushuka chini spiriti ni nyepesi, siku nne kupanda juu gesi inashinda. Kopo la nusu ulilonunua kwa kupima linasogeza mpaka huo upande wa gesi, maana hubebi gesi usiyoitumia. Yapo na makopo madogo ya gramu 100. Ukiliona moja linauzwa na gesi yake, usiliache.

Vinavyokaa na jiko

Kikinga upepo ni muhimu kuliko aina ya jiko. Kata ukanda wa alumini kutoka kwenye trei za kuokea za kutupa, urefu wa kuzunguka sufuria na nafasi ya kidole. Kwa spiriti unaweza kuzungusha karibu wote. Kwa jiko linalokaa juu ya kopo la gesi kamwe usizungushe wote: joto likirudi kwenye kopo linapasuka. Acha upande usio na upepo wazi, na kila baada ya muda gusa kopo. Likiwa la moto mkononi, zima.

Sufuria ni ile ya alumini nyembamba ya sokoni, ya lita moja na robo, isiyo na masikio, na koleo ndogo ya kushikia. Bila mfuniko unapoteza moto mwingi, hata sahani ya bati inatosha. Sufuria iwe pana kuliko ilivyo ndefu.

Na upike chakula kinachoendana na moto. Kila unapopanda mita 300 maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu, hivyo Shengena yanachemka karibu 92. Maharage makavu hapo ni kuchezea gesi. Ugali nao hauendani na jiko la kopo: nguvu ya mwiko inaangusha sufuria, tena unataka moto wa muda mrefu. Sisi tunabeba tambi zilizovunjwa, dagaa waliokaangwa nyumbani, viazi tunavikata vidogo, na chapati za siku ya kwanza. Wali unawezekana kwa ujanja wa mama zetu wa kapu la kuhifadhi joto: mchele uliolowekwa nusu saa, uchemke dakika tano, zima, funga sufuria kwa kitenge na uizungushie blanketi dakika ishirini na tano. Unaiva kwa joto lake, na gesi yako imekaa.

Kabla ya kupanda, lijaribu uani. Chemsha lita moja, pima kopo kabla na baada, andika. Usitumie namba zangu. Sufuria yako na upepo wako vina zao. Hema likiwa limefungwa hakuna kuwasha chochote ndani, iwe spiriti au gesi. Mvua ikinyesha pikia mlangoni, zipu ikiwa wazi juu na chini, au kula chapati.

Kopo likikaribia kuisha, limalizie nyumbani kwa kuchemshia maji ya kuoga hadi mwali ufe wenyewe. Kitasa kikibaki wazi hakuna sauti, fungua jiko, toboa kopo nje mbali na moto, na lipeleke kwa wanaonunua chuma chakavu kwa kilo. Moja lisilotobolewa bakisha kabatini la kulinganishia uzito, liandike namba yake, na mtu yeyote akija kukuuzia la nusu utakuwa na cha kumjibu.